Kisima huharibika kabla kisiwa hakijazama

Kila stori ya visiwa na mabadiliko ya tabianchi ikitoka picha ni ile ile, mnazi umeinama, maji yamefika magotini, na kichwa cha habari kinasema nchi fulani itazama ikifika mwaka fulani. Mimi hiyo stori imenichosha na nitasema kwa nini. Sio kwamba ni uongo, bahari inapanda kweli, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita imepanda kama sentimita 20 kwa wastani wa dunia na kasi inaongezeka, lakini stori ya kuzama inamfanya msomaji asubiri tukio moja kubwa litakalotokea siku moja huko mbele, wakati watu wa visiwani wanahangaika na mambo ya leo, wanafanya maamuzi mazito leo, na sisi hatuyaoni kwa sababu macho yote yako kwenye hiyo siku ya kuzama. Halafu kuna ubaya mwingine, mtu ukishamhesabu kwamba atazama hutaki tena kumuuliza anataka nini, unaanza kujadili utampeleka wapi.

Tuanze na maji ya kunywa maana hapo ndo uhai wa kisiwa ulipo.

Visiwa vya matumbawe, yaani nchi kama Tuvalu, Kiribati, Maldives na Visiwa vya Marshall, havina mto wala ziwa wala mlima wa kukamata mawingu. Mvua ikinyesha inapenya mchangani inashuka mpaka inakutana na maji ya chumvi yaliyo chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo yanakaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya maji, na hayo ndo watu wanayachimbia kisima. Wataalam wa maji ya ardhini wana hesabu yao ambayo ina zaidi ya miaka 100 sasa, kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna karibu mita 40 chini ya usawa huo, na ukisikia hivyo unaona kuna akiba kubwa, ila kwenye kisiwa chembamba ile sehemu ya juu ni sentimita chache tu kwa hiyo akiba nzima ni tabaka jembamba la mita kadhaa, na ndilo linalobeba kijiji, mimea na mifugo yote.

Sasa wimbi kubwa likivuka kisiwa mara moja, mara moja tu, chumvi inaingia kwa juu na hilo tabaka linaweza kuchukua miezi mingi mpaka mvua ilisafishe tena. Kama wimbi la pili linakuja kabla ya usafi kukamilika ndo basi, hakuna tena kisima. Mwaka 2018 wanasayansi waliofanya kazi kwenye kisiwa cha Roi-Namur huko Marshall walitoa hesabu zao, wakasema uchafuzi wa hewa usipopungua visiwa vingi vya aina hii vitakuwa vinavukwa na mawimbi kila mwaka ifikapo katikati ya karne hii, na maji ya kunywa ya ardhini hayatakuwa ya kutegemewa tena, miongo kadhaa kabla ya ardhi yenyewe kufunikwa. Kwa hiyo ardhi ipo, nyumba zipo, minazi ipo, ila kuishi hapo huwezi. Hilo kwangu ni jambo zito kuliko picha yoyote ya maji magotini, na hata huwezi kulipiga picha, maji yenye chumvi na maji matamu kwenye kamera yanafanana.

Na hapa lazima niseme kuhusu ule utafiti wa Tuvalu ambao wakataaji wa sayansi wameubeba sana mitandaoni. Ulitoka pia mwaka 2018, watafiti walilinganisha picha za angani na za satelaiti za visiwa 101 vya Tuvalu kuanzia 1971 hadi 2014 wakakuta eneo lote la nchi kavu limeongezeka kwa asilimia 2.9, tena katika kipindi ambacho bahari ya eneo lile ilipanda mara mbili ya wastani wa dunia. Ni kweli, na ni utafiti mzuri. Visiwa hivi sio mawe yaliyosimama tu, ni rundo la mchanga na vipande vya matumbawe linalohama, mawimbi yanamega upande mmoja na kujaza upande mwingine, na mchanga wenyewe unatengenezwa na viumbe wa mwambani, mpaka pono anayetafuna matumbawe na kutoa mchanga ana mchango wake mkubwa tu. Lakini angalia hiyo maana yake nini. Kisiwa kinakua kama mwamba uko hai, na ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ya mwaka 2018 inasema joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1.5 asilimia 70 hadi 90 ya miamba ya matumbawe itapungua, ikifika nyuzi 2 ni zaidi ya asilimia 99. Aprili 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia iko kwenye tukio la nne la matumbawe kupauka duniani kote. Mwamba huo huo ndo unaovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Na mchanga ukiongezeka kwenye ncha ya kisiwa haimsaidii mtu ambaye nyumba yake iko upande unaomegwa, wala haurudishi utamu wa kisima. Kwa hiyo wote wawili wanakosea, anayesema visiwa vinazama kesho na anayesema visiwa vinakua basi tulale, kwa sababu wote wanapima ardhi, na kisichopimwa ni kama watu wanaweza kuishi juu yake.

Tuvalu yenyewe imeshaonja. Mwaka 2011 mvua zilikatika kwa miezi, ikiwa ni msimu wa La Niña ambao kwa ukanda ule unaleta ukame, na mwishoni mwa Septemba serikali ikatangaza hali ya dharura, watu wa mji mkuu Funafuti wakawa wanagawiwa maji ya ndoo, New Zealand na Australia zikaleta mashine za kuondoa chumvi kwa ndege. Mvua zingechelewa hivyo miaka ya zamani watu wangerudi visimani, lakini visima vya Funafuti havikuwa vya kurudiwa, vilishaharibika kwa chumvi na kwa majitaka ya mji uliobanana. Hapo unaona kitu ambacho wachambuzi wengi wanakiruka, kwamba tabianchi haifanyi kazi peke yake, inakuja juu ya msongamano, juu ya mipango mibovu ya mji, juu ya umaskini, na ukitaka kutenganisha hiki ni cha tabianchi na hiki sio, utakesha.

Mtu atasema basi wekeni mashine za kuondoa chumvi kila mahali. Maldives wameweka, na mji mkuu wao Malé unaishi kwa mashine hizo. Tarehe 4 Desemba 2014 moto ukatokea kwenye mtambo huo, na mji mzima, watu wapatao laki moja, ukakaa bila maji, India ikapeleka maji kwa ndege na meli. Mashine iliwatoa kwenye kutegemea mvua ikawaweka kwenye kutegemea nyaya, mafuta ya dizeli, vipuri na fundi. Sisemi wasiweke, wangefanya nini, nasema ukipeleka mashine kwenye kisiwa chenye watu 300 kilicho safari ya siku mbili kwa boti kutoka mji mkuu halafu usiache bajeti ya vipuri wala mtu aliyefundishwa kuitengeneza, hujawasaidia kitu, umewaachia chuma. Na hili linatokea sana maana wafadhili wanapenda kununua kitu kipya chenye uzinduzi, bajeti ya matengenezo haina uzinduzi. Tenki la mvua, mabati safi, mfereji wa kwenye paa uliozibuliwa, hivi vitu ni vya kawaida mno kuandikiwa makala lakini ndo vimebeba Tuvalu tangu ule ukame.

Chakula nacho kinafuata maji. Tuvalu na Kiribati kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa kwa mikono na vizazi vya zamani mpaka kufikia lile tabaka la maji matamu, na ndani yake wanapanda magimbi makubwa ya maji, shimo moja ni mali ya ukoo na linarithiwa. Wakati wa bamvua maji ya bahari hayaji kwa kupanda ufukweni peke yake, yanatoka chini, yanabubujika kutokea ardhini katikati ya kijiji kwa sababu kisiwa ni mchanga na matumbawe yenye matundu, kwa hiyo hata ukijenga ukuta kuzunguka kisiwa chote maji yatakukuta ndani. Magimbi yakipata chumvi yanaoza. Shimo likifa watu wanahamia mchele wa dukani na vyakula vya kopo, na kutoka hapo kisukari na presha, ambavyo kwenye nchi hizo ni balaa tayari. Hakuna ripoti ya kuzama inayohesabu hayo.

Sasa nije kwenye ninachotaka hasa kusema. Kuzoea mabadiliko haya sio jambo la vifaa kwanza, ni jambo la nani anaamua. Nikiangalia mifano tuliyonayo duniani, kwa uoni wangu tofauti kubwa kati ya iliyosimama na iliyoanguka haiko kwenye pesa wala teknolojia, iko kwenye kwamba wenyeji walikuwa na ardhi na walikuwa na neno.

Chukua kuta. Ukuta wa bahari ndo kitu cha kwanza kila mtu anakifikiria, na kwenye mji kama Malé, ambako Japani iligharamia kuta baada ya mawimbi makubwa ya 1987, una maana yake. Lakini kwenye vijiji vya Fiji watafiti wamekuta kuta ambazo zilileta shida mpya, mawimbi yakivuka juu au mvua kubwa ikinyesha maji yanakwama nyuma ya ukuta hayatoki, na ufukwe wa jirani ambako ukuta umeishia unamegwa haraka zaidi. Ukuta unaombwa kwa sababu unaonekana, unatoa picha ya kwamba kuna mtu anafanya kitu, na wanakijiji nao wanauomba kwa sababu hawajapewa kingine cha kuchagua. Tofauti na hapo ni kama Funafuti, ambako mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi umepampu mchanga kutoka ndani ya ziwa la bahari na kutengeneza ardhi mpya kama hekta 7 iliyoinuliwa juu. Ni kazi kubwa kwa nchi ya kilomita za mraba 26, na ni uamuzi wa kubaki. Hauondoi shida ya maji ila unasema sisi hapa hatuondoki.

Kuhama nako kuna namna mbili na zisichanganywe. Kijiji cha Vunidogoloa kule Fiji kilihamishwa mwaka 2014, kama kilomita 2 kupanda juu, baada ya miaka ya mafuriko na baada ya wanakijiji wenyewe kuomba. Walihamia kwenye ardhi ya ukoo wao wenyewe, wakachangia mbao zao, serikali ikaleta nyingine. Hilo la ardhi ya ukoo ndo siri kubwa ya kufaulu kwake na halipatikani kila mahali. Fiji ikaandika mwongozo wa kuhamisha vijiji mwaka 2018, mwaka uliofuata ikaunda mfuko wake, na ina orodha ya zaidi ya vijiji 40 vinavyohitaji kuhama, vilivyohamishwa mpaka sasa ni vichache sana. Uhamisho wa kijiji kimoja ni mazungumzo ya miaka, makaburi yanabaki wapi, nani anapata kiwanja kipi, mvuvi atafikaje baharini, wazee wakikataa inakuwaje.

Panama kuna watu wa Guna wa kisiwa cha Gardi Sugdub. Kisiwa kidogo kilichojaa nyumba mpaka ukingoni, watu zaidi ya elfu moja, na wao wenyewe waliamua kwamba watahama karibu mwaka 2010, kwa sababu ya msongamano na kwa sababu ya maji kuingia majumbani. Nyumba walizoahidiwa zilichelewa na kuchelewa, mpaka Juni 2024 ndo familia kama 300 zikapewa funguo za nyumba za zege bara. Zaidi ya miaka kumi kati ya watu kuamua na mlango kufunguliwa! Na wapo waliobaki kisiwani, na hiyo ni haki yao. Watu wa visiwa vya Carteret huko Papua New Guinea nao hawakusubiri, wazee wao waliunda shirika lao mwaka 2006, Tulele Peisa, chini ya Ursula Rakova, wakapata ardhi ya Kanisa Katoliki huko Tinputz, Bougainville, wakaanza kuhamisha familia moja moja na kupanda kakao ili watu wawe na kipato, maana jaribio la serikali la miaka ya 80 lilikuwa limevunjika. Idadi iliyohama ni ndogo, wengine walirudi, na pesa haikuwahi kutosha, ila mpango ulikuwa wao.

Halafu kuna Barbuda, kisiwa cha Karibi kilicho nchi moja na Antigua, na hii ndo inanikasirisha. Septemba 2017 kimbunga Irma kilivunja karibu kila kitu, watu wote kama 1,800 wakahamishiwa Antigua. Barbuda ardhi yote ilikuwa ya pamoja, desturi iliyoanzia baada ya utumwa kukomeshwa na baadaye kuwekwa kwenye sheria ya 2007, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuza. Watu wakiwa bado hawajarudi makwao mashine zikaanza kukwangua msitu kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege, na muda si mrefu sheria ya ardhi ikabadilishwa ili watu binafsi waweze kumiliki, milango ikafunguka kwa wawekezaji wa mahoteli ya kifahari. Serikali ilijitetea kwamba mtu mwenye hati anaweza kukopa benki na kujenga upya. Wenyeji wakaenda mahakamani mpaka Privy Council ya London, mahakama yao ya mwisho ya rufaa, ambayo mwaka 2024 ilisema wana haki ya kupinga ule uwanja mahakamani, miaka saba imepita, uwanja umeshajengwa. Kimbunga kilipita kwa masaa, kilichofuata kimedumu. Kwa hiyo mtu akiniambia visiwa vinahitaji kusaidiwa kuwa imara nauliza kwanza ardhi itabaki kwa nani.

Kiribati wamebishana wao kwa wao na ni mabishano mazuri kuyafuata. Rais Anote Tong alinunua mwaka 2014 eneo la karibu kilomita za mraba 20 huko Fiji, akasisitiza kuwafundisha watu kazi ili wakihama wahame na heshima zao, wasiende kama wakimbizi. Taneti Maamau aliyemfuata mwaka 2016 akageuza msimamo, akataka nguvu ziwekwe kwenye kubaki na kuinua ardhi. Wengi huko nje walimwona Maamau kama anakataa ukweli, mimi sikubaliani nao, kiongozi anayewaambia watu wake wabaki kwao anatetea pia bahari yao. Nchi kavu ya Kiribati ni kilomita za mraba 811 na ukanda wake wa bahari ni kama milioni 3.5, na leseni za kuvua jodari ndo zinaendesha serikali kwa sehemu kubwa. Watu wakiondoka wote, hiyo bahari ni ya nani? Jodari wenyewe wanafuata maji yenye joto kuelekea mashariki na watafiti wanaona huko mbele sehemu yao kubwa zaidi itakuwa kwenye bahari kuu isiyo ya mtu. Ndo maana nchi za Pasifiki zilitangaza kwa pamoja mwaka 2021 kwamba mipaka yao ya bahari haitabadilika hata ufuo ukihama, na mwaka 2023 wakasema nchi zao zitaendelea kuhesabiwa kuwa nchi.

Tuvalu imechukua njia nyingine bila kuacha hiyo. Mkataba wa Falepili na Australia, uliosainiwa Novemba 2023, unatoa nafasi 280 za kuhamia Australia kila mwaka, na bahati nasibu ya kwanza ya kugawa nafasi hizo, ya 2025, iliandikisha zaidi ya watu 8,000 ukihesabu na familia zao, katika nchi ya watu kama elfu 11. Kuna waliosoma hiyo namba wakasema unaona, wote wanakimbia. Taratibu. Visa yenyewe inaruhusu kwenda na kurudi, kusoma, kufanya kazi na kutuma pesa nyumbani, na watu wa visiwa vidogo wamekuwa mabaharia na wafanyakazi wa ng'ambo tangu zamani, kwa wengi ni kuongeza mlango wa pili. Kinachonipa shida ni kile kipengele kinachosema Tuvalu lazima ikubaliane na Australia kabla ya kuingia ushirikiano wa ulinzi na nchi nyingine. Moja ya nchi zinazoongoza kuuza makaa ya mawe na gesi nje inampa jirani anayeumia mlango wa kutokea, na papo hapo inachukua funguo moja ya mamlaka yake. Mtu anaweza kuuita msaada, na upo msaada ndani yake, ila hata bei ipo.

Kumbuka pia Ioane Teitiota wa Kiribati aliyeomba hifadhi New Zealand, moja ya hoja zake zikiwa visima vyenye chumvi na ugomvi wa ardhi kisiwani Tarawa. Alikataliwa, na kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyotoa uamuzi wake Januari 2020 nayo haikumpa, ila ilikiri kwamba nchi zinaweza kuwa zinavunja haki ya kuishi zikimrudisha mtu mahali ambapo tabianchi imehatarisha uhai wake. Mlango ulifunguliwa nusu na yeye akabaki nje.

Nisiwaache wanaozoea bila kelele, maana hao ndo wengi. Zanzibar wakulima wa mwani, ambao wengi sana ni wanawake, walianza kuona kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno na magonjwa yameongezeka. Spinosamu, aina nyingine, inavumilia ila bei yake ni ya chini. Suluhisho ni kusogea kwenye kina kirefu, na hapo unakutana na jambo ambalo hakuna modeli ya tabianchi inayolionyesha, kwamba wengi wa hao akina mama hawakufundishwa kuogelea na hawana boti, boti ni za wanaume. Kwa hiyo kuzoea kwao kumekuwa ni pamoja na kujifunza kuogelea, kupata boti, wengine Jambiani wakahamia kilimo cha sponji ya baharini. Vanuatu nayo, kimbunga Pam cha daraja la 5 mwezi Machi 2015 kilibomoa nyumba kwa maelfu, waliokufa walikuwa wachache mno ukilinganisha na ukubwa wake, kwa sababu tahadhari ilifika kwa redio na simu na watu walijua la kufanya, huko Tanna kuna nyumba za asili za chini zilizofungwa kwa kamba ambazo zilistahimili kuliko za mabati. Ujuzi huu haujaletwa na konsaltanti yeyote. Una mipaka yake, vimbunga Judy na Kevin vilipiga Vanuatu siku chache tu kutoka kimoja hadi kingine Machi 2023, na hakuna desturi iliyoandaliwa kwa mapigo mawili ndani ya wiki moja.

Tumalizie na pesa, hapa sina subira. Nchi za visiwa vidogo kwa pamoja zinatoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya umoja wa visiwa, ilipendekeza uwepo mfuko wa kuwafidia wanaopoteza ardhi kwa bahari kupanda. Mfuko wa hasara na uharibifu umekubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Miaka 31! Na ahadi zilizowekwa mpaka mwaka 2025 zilikuwa chini ya dola bilioni 1, kwa dunia nzima. Sasa linganisha, tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipita Dominica, kisiwa cha watu kama elfu 70, na hasara ilipigiwa hesabu dola bilioni 1.3, asilimia 226 ya pato la mwaka la nchi. Usiku mmoja wa kisiwa kimoja umezidi ahadi za dunia yote.

Kisiwa kikishapigwa hivyo kinakopa kujenga, na kabla hakijamaliza deni kinapigwa tena. Grenada walijifunza kwa kimbunga Ivan cha 2004, walipopanga upya madeni yao mwaka 2015 wakaweka kipengele kwamba kimbunga kikija malipo yanasimama, na kimbunga Beryl kilipobomoa kisiwa chao cha Carriacou Julai 2024 wakakitumia. Hiki ni kitu kidogo, hakimgharimu mkopeshaji pesa nyingi, na sioni sababu yoyote ya mkataba wa mkopo wa kisiwa chochote kuandikwa leo bila kipengele hicho. Mia Mottley, waziri mkuu wa Barbados, amekuwa akikipigania kwa miaka na mabenki makubwa yanakikubali polepole, kwa mikopo mipya, mara chache kwa ya zamani ambayo ndo inayoumiza.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake Julai 2025, kesi iliyoanzia kwa wanafunzi wa sheria wa Pasifiki mwaka 2019, ikasema nchi zina wajibu kisheria wa kuzuia madhara haya na ikagusa hata suala la fidia. Ni ushindi mkubwa kwa wale vijana, ingawa maoni hayo hayamlazimishi mtu kuandika hundi. Kwa hiyo macho yangu yako kwenye ule mfuko, ambao mwaka huo huo bodi yake ilitenga dola milioni 250 za kuanzia, angalau nusu kwa visiwa vidogo na nchi maskini zaidi, kila ombi kati ya dola milioni 5 na 20. Kijiji cha watu 150 hakiwezi kuandika ombi la dola milioni 5, hakina hata mtu wa kuliandika, na wizara yenye maafisa wanne italiandikia kitu kikubwa cha mji mkuu. Hati iliyounda mfuko inataja ruzuku ndogo za kwenda kwa jamii zenyewe. Hizo zifunguliwe sasa, zisingoje awamu ya pili, kwa fomu ya kurasa mbili ambayo kamati ya kijiji inaweza kuijaza kwa lugha yake, na ziruhusu kulipia vipuri, mafundi na posho ya kuzibua mifereji.